Aliyeumia ubongo asitembezwe ofisi kwa ofisi

Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana, familia na wahudumu wa afya. Goma, tarehe 3 Desemba 2024.



Leo ni siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu. Munajua namna siku hii inapitaka hapa kwetu: tenti, viti vya plastiki, hotuba ndefu, picha, baiskeli tatu ao ine za walemavu zinagawiwa, kisha kila mtu anarudi kwake. Hatukuja kusema vibaya juu ya zile baiskeli. Anayeihitaji aipate, na aipate bila kuombaomba. Lakini tunataka tuzungumze juu ya watu ambao hakuna anayewaita mu tenti, juu ulemavu wao hauonekani. Mikono iko, miguu iko, wanatembea. Kilichoumia ni ubongo.

Tunazungumza juu ya watu waliozaliwa wazima, wakasoma, wakafanya kazi, kisha siku moja kitu kikawafikia kichwani. Mu mji wetu njia za kufikiwa ni nyingi. Ajali ya moto. Risasi na vipande vya bombe. Kitako cha bunduki usiku, wakati wezi wanaingia nyumbani. AVC, ile wengine wanaita kiharusi, kwa mtu aliyekuwa na presha na hakujua. Malaria inayopanda kichwani ao meninjite kwa mtoto. Na hata mazuku, ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano: anayeokolewa akiwa amekaa muda bila kupumua vizuri, anaweza kubaki na ubongo ulioumia.

Mfupa ukivunjika unafungwa plasta, na munganga anakwambia ni wiki ngapi. Ubongo si vile. Kidonda cha nje kinaweza kufunga nyuma ya wiki mbili, na hapo kazi ya ndani ndiyo inaanza. Mtu anasahau alichoambiwa asubuhi. Anachoka kwa kuongea nusu saa. Mwangaza na makelele vinamuumiza. Jina la kitu analijua lakini haliji mdomoni. Ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inatusaidia kupanga mambo na kuzuia hasira. Ikiumia, mtu mpole anaweza kuwa mkali, na mtu aliyejua kuweka akiba anaweza kumaliza franga zote siku moja. Wengine wanaanza kuanguka kifafa miezi ao miaka nyuma ya ajali.

Hiyo si tabia mbaya, si ulevi, si kulogwa. Ni kidonda, kiko fasi ambayo jicho halifiki.

Sasa tuchukue motari mmoja wa hapa. Hatumtaji jina, juu yeye ni wengi: tumemjenga na mambo ambayo familia mbalimbali zinaeleza. Ana miaka 24 na diplome ya leta. Jioni moja gari linamgonga na kukimbia. Watu wa huruma wanamuinua, wanamkalisha juu ya moto ingine kati ya watu wawili, kichwa kinaning'inia, mbio hospitalini. Kule wanampokea wanganga wanaojua kazi yao. Lakini skaneri haiko kila fasi, na inalipwa mbele. Kanisa linachanga, AVEC ya mama yake inamkopesha. Nyuma ya siku sita anafungua macho, na nyumba yote inamshukuru Mungu.

Wiki ya tatu anaruhusiwa. Fakture haijaisha, kwa hiyo anabaki mule wiki ingine kama mfungwa, mpaka familia inauza kipande cha shamba. Pale mlangoni wanapewa nini? Karatasi ya dawa. Hakuna anayewaambia kwamba kijana wao anaweza kubadilika hasira. Hakuna rendevu na mtu wa kine. Hakuna namba ya simu.

Mwezi wa tatu anampiga dada yake, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Mwenye moto anamnyanganya kazi juu anasahau njia. Familia inaenda kwenye kituo cha afya, inapewa dawa ya kuumwa kichwa. Inaenda kwenye ofisi ya mambo ya jamii, inaambiwa: huyu ni mgonjwa, muende kwa watu wa afya. Inarudi kwa watu wa afya, inaambiwa: huyu alishapona, ni mlemavu sasa, muende kwa mambo ya jamii. Chama cha walemavu kinamuangalia anavyotembea, kinauliza ulemavu uko wapi. Kwa bima wanaomba PV ya polisi, na ile PV haikuandikwa, ao iliandikwa na hakuna anayejua iko wapi. Jirani anashauri chumba cha maombi. Kule anafungwa kamba na kunyimwa chakula siku tatu juu ya kufukuza pepo. Nyuma ya hapo anagombana na mtu sokoni, analala mu kasho, na polisi hawajui kama huyu mtu ana kidonda kichwani.

Muhesabu milango: hospitali, kituo cha afya, ofisi ya mambo ya jamii, chama cha walemavu, bima, chumba cha maombi, polisi. Ni milango saba. Kila mlango una mtu nyuma yake, na wengi kati yao si watu wabaya. Kinachokosa ni njia kati ya mlango na mlango.

Na leo hii ile njia inatembewa na nani? Na mama, ao dada mkubwa, na mfuko wa plastiki wenye makaratasi. Yeye ndiye fishi ya mgonjwa, ndiye anakumbuka rendevu, ndiye anaeleza habari ile ile mara kumi kwa watu kumi. Hakusomea ile kazi na halipwi. Siku anaugua yeye, yote inaanguka. Tunasema wazi: leta imemuachia mama mmoja kazi ambayo ni ya leta.

Wengine watasema sheria inakosa. Haikosi. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa namna inayolingana na hali yake. Mwaka 2015 Kongo iliingia mu mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 26 cha ule mkataba kinataka huduma za kumrudishia mtu uwezo zianze mapema inavyowezekana, na mahitaji yake yapimwe na watu wa fani mbalimbali kwa pamoja: afya, kazi, masomo, mambo ya jamii. Kisha tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ikapata sheria yake yenyewe, sheria ya kiorganike namba 22/003, juu ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu.

Miaka miwili kamili nyuma ya ile tarehe, tarehe 3 Mei 2024, bombe zilianguka juu ya kambi za watu waliokimbia vita, hapa upande wa Mugunga. Waliokufa tuliwalilia na wakazikwa. Lakini walioumia kichwa siku ile, leo ni ofisi gani iko na listi yao? Nani aliwapima nyuma ya mwezi moja, nyuma ya miezi sita? Sheria iko kwenye karatasi. Mtu wa kuibeba mpaka chini ya shiti ya kambi ndiye hakuna.

Tena hatuanzii kwa sifuri. Hapa Goma kuna hospitali ya CBCA Ndosho, ambako majeruhi wa vita wanapasuliwa kwa msaada wa CICR. Kuna Heal Africa. Kuna Shirika la Umoja, ambako watu wanafundishwa kutembea tena. Kuna Tulizo Letu ya mabruda, kwa wenye magonjwa ya akili. Kuna zone za afya za Goma, Karisimbi na Nyiragongo, na wareko wanaopita nyumba kwa nyumba. Kuna sheria ya bima ya lazima kwa magari tangu 1973. Kuna FONAREV, mfuko wa fidia kwa wahanga ulioundwa na sheria ya Desemba 2022. Ukitandika vyote hivi juu ya meza, unaona vipande vingi vya kitu kimoja. Havijashonwa.

Na musituambie kushona hakuwezekani hapa kwetu. Kumbukeni Ebola. Ilitangazwa Agosti 2018, ikafika Goma Julai 2019, ikamalizika Juni 2020. Mtu aliyejulikana kwamba aligusana na mgonjwa alikuwa na jina kwenye listi na mtu wa kumfuata, siku 21 zote, anapimwa joto. Akihama kartie, alitafutwa. Watu walisema mengi juu ya franga za Ebola, na maswali yao yalikuwa ya haki. Lakini jambo moja tuliliona kwa macho: leta ikitaka, inajua kumfuata mtu mmoja mpaka nyumbani kwake. Mgonjwa wa kifua kikuu vilevile: akiacha dawa, kuna mtu anayetumwa kumuuliza juu ya nini. Kwa nini aliyeumia ubongo asifuatwe?

Tuangalie pia kwa jirani zetu wa Bukavu. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, yule aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ilielewa mapema kwamba mwanamke aliyebakwa hahitaji munganga peke yake. Anahitaji mtu wa kusikiliza moyo wake, mtu wa sheria, na njia ya kuishi nyuma ya kutoka. Wakaviweka vinne pamoja: matibabu, saikolojia, sheria, na kujitegemea. Mama hatembezwi mji mzima kueleza habari yake kwa kila ofisi. Ni Wakongomani walifanya hivyo, mu Kongo hii, wakati wa vita hii.

Tunasikia watu wanauliza: mji umezungukwa na vita, maji ni shida, kambi zimejaa, na ninyi munatuletea mambo ya ubongo? Ndiyo, tunayaleta, na vita ni sababu moja ya kuyaleta. Kila wiki ya vita inaongeza vichwa vilivyoumia. Na mtu mmoja akiachwa hivi, hapotei peke yake. Mama anaacha biashara juu ya kumlinda. Mdogo wake anaacha masomo juu franga ya shule ilienda kwa dawa. Mke anarudi kwa wazazi wake na watoto. Tukisema hakuna franga ya kumfuata mtu mmoja, tujue kwamba tumeamua familia nzima ndiyo italipa.

Tunajua pia neno «koordinasyo» linaleta nini hapa kwetu: atelye mu hoteli, perdiem, jeep mpya, ripoti inayolala mu droo. Kwa hiyo tueleweke vizuri. Hatuombi komite. Komite tuko nazo za kutosha. Tunaomba mambo matano, na kila moja linaweza kuangaliwa na raia kama lilifanyika ao hapana.

La kwanza, kila zone ya afya ya mji iwe na mfuatiliaji mmoja wa watu walioumia ubongo, mwenye jina na namba ya simu vilivyobandikwa mlangoni. Kazi yake si kutibu. Kazi yake ni kujua kila mtu yuko wapi, alipita wapi, na anapaswa kwenda wapi kesho. Ofisi mbili zikirushiana mtu, yeye ndiye anapiga simu, si mama.

La pili, kaye moja. Mtu aliyeumia ubongo awe na kaye moja inayokubaliwa na hospitali, mtu wa kine, munganga wa akili, ofisi ya mambo ya jamii na shule. Kila mmoja aandike mule alichofanya. Nani alisema mtu anayesahau ndiye anapaswa kukumbuka historia yake yote kila mara?

La tatu, asitoke hospitalini mtu aliyeumia kichwa bila karatasi iliyoandikwa mu Kiswahili, na isomwe kwa sauti mbele ya familia. Ieleze dalili za kurudi mbio: kutapika bila kuisha, usingizi usioamshika, kifafa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Ieleze mabadiliko yanayoweza kuja nyuma: kusahau, hasira, uchovu. Na iwe na tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo haina bei ya skaneri. Fakture isiyolipwa isizuie tarehe hiyo.

La ine, makubaliano yaliyoandikwa na kuwekwa wazi kati ya afya, mambo ya jamii, masomo, polisi na sheria. Polisi akikuta mtu mwenye kaye hii, apige simu kwa mfuatiliaji kabla ya kumtupa mu kasho. Mwalimu akirudishiwa mtoto aliyetoka malaria ya kichwa, ajue kwamba si uvivu, ampe muda na pumziko. Kila ajali yenye kuumiza mtu iandikiwe PV, na nakala ipewe familia, juu bila PV ile bima ya lazima ni hadithi tu. Na walioumizwa na vita wasaidiwe kuandikisha majina yao kwa mfuko wa fidia, wasiachiwe wajaze fomu ambazo hata sisi wenye lisansi zinatutoa jasho.

La tano, mstari wake mu bajeti ya jimbo, ulioandikwa kwa jina, na raia waonyeshwe kilichotoka. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kuweka asilimia 15 za bajeti kwa afya. Sisi leo tunaomba hata kamstari kamoja, lakini kaonekane.

Watatujibu kwamba wafanyakazi hawako. Hapo tunacheka kidogo, na si kwa furaha. Muangalie mule mu salle. Kuna waliosoma psikolojia, kine, uuguzi, kazi za jamii. Diplome ziko mu sanduku. Mmoja anauza unite, mwengine anafanya moto, mwengine anakaa tu kwa wazazi na miaka 26. Mji una watu waliosomea kazi hii na una watu wanaoihitaji, na wanakutana tu wakiwa mu foleni moja ya maji. Tukipewa mafunzo na mshahara wa haki, hata kumi tu kati yetu tunaweza kuanza.

Kuna pia yanayotuangalia sisi wenyewe, na hayangoji leta.

Motari, uvae kaske na uifunge chini ya kidevu, na uwe na ya kliya pia. Shirika la afya la ulimwengu, OMS, linasema kaske iliyovaliwa vizuri inaweza kupunguza kuumia kwa ubongo mpaka asilimia 74. Kaske iliyotundikwa kwenye gidon juu ya polisi haikulindi.

Mukikuta mtu ameanguka, musimkalishe juu ya moto. Mumuache alale, mumshike kichwa na shingo visitikisike, muangalie kama anapumua, musimpe maji wala pombe, mutafute gari ambamo atalala.

Mu kartie zetu, tuache kumuita «kichaa». Tuache kucheka mtu anayetafuta neno. Kwa wachungaji na mapadri tunasema kwa heshima: muombee, kuomba ni kuzuri, lakini kamba itolewe, chakula kipewe, dawa ya kifafa isikatwe.

Na kila seksheni yetu ichague vijana wawili wa kuenda na familia pale zinapokwenda ofisini. Kazi yenu itakuwa kuandika tu: tarehe gani, ofisi gani, jibu gani. Bila matusi, bila kupiga picha ya mgonjwa, na kama familia imekubali. Nyuma ya miezi mitatu tutakuwa na kitu ambacho hakuna ripoti ya hoteli inacho: njia nzima ya mtu, mlango kwa mlango.

Siku ya kwanza ya wiki ijayo, Jumatatu tarehe 9 Desemba, tutatembea kwa miguu na kwa amani, pamoja na familia zinazotaka, kupeleka barua yenye mambo haya matano kwa gavana, kwa wakubwa wa afya na kwa wakubwa wa mambo ya jamii wa jimbo. Tutaomba barua ile ile ipokelewe na wote, na kila mmoja aone jina la mwenzake juu yake. Tutangoja muhuri wa kupokea kabla ya kuondoka. Tarehe 9 Januari tutarudi kuuliza jibu, na jibu lolote tutakalopewa tutaliandika hapa, hata likiwa ni kimya.

Kwenu wamama na wadada wenye ile mifuko ya plastiki: siku ile mutatembea mbele, sisi tutafuata. Mulete makaratasi yenu yote. Tunataka wayaone.